Kitabu Kilichokwama Sibwesa

Mume wangu ni askari wa upelelezi, na mimi ni msomaji wa riwaya za askari wa upelelezi. Watu wakisikia hivyo hudhani nilianza kuzisoma kwa sababu yake. Sivyo. Riwaya zilitangulia miaka mingi.

Nilizianza nyumbani kwetu Mamba, nikiwa sekondari. Msimu wa mpunga kukomaa sisi watoto tulikuwa tunashinda shambani kufukuza ndege. Unapiga debe, unapiga kelele, ndege wanaruka wote kama wingu, halafu unakaa unawasubiri warudi. Hapo pa kukaa ndipo niliposomea. Vitabu nilivitoa parokiani. Kulikuwa na kabati la vitabu karibu na ofisi ya katekista, na katikati ya maisha ya watakatifu mtu alikuwa amechomeka riwaya kumi na kitu za wapelelezi. Mpaka leo sijui ni nani. Nilizimaliza zote, nikarudia, nikajua hata kurasa ambazo panya walikula kona.

Nilipenda namna jambo linavyofichwa na namna linavyofichuka. Lakini, kusema kweli, nilichopenda zaidi ni mapenzi yaliyokuwa ndani yake: mpelelezi anampenda shahidi, au mtuhumiwa, au mtu mwingine yeyote ambaye hakutakiwa kumpenda, na msomaji hajui kama wote wawili watafika ukurasa wa mwisho wakiwa hai. Mama yangu, mwanamke wa rozari kila jioni, aliniuliza siku moja kitabu changu kinahusu nini.

"Askari anamtafuta muuaji," nikasema.

"Na huyu mwanamke kwenye jalada?"

"Anamsaidia kutafuta."

Mama akaitazama picha kwa muda. "Kwa nguo hiyo," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Nilipomaliza shule nilijifunza ushonaji, nikahamia Mpanda mjini. Mzee mmoja mwenye duka la vitenge alinipa nafasi ya cherehani kwenye kibaraza chake, na pale ndipo nilipo hadi sasa. Vitabu nilivipata sokoni, kwenye meza moja ya mitumba ambako vilikuja vimefungwa pamoja na nguo za watoto. Nilikuwa nafungua kitabu mteja akiondoka na kukilaza kifudifudi juu ya cherehani mteja akija.

Siku moja mteja aliyekuja alikuwa askari. Kwenye riwaya zangu mpelelezi huingia na koti jeusi na macho yanayoona mpaka mfukoni. Huyu aliingia na suruali mbili za sare ndani ya mfuko wa rambo, akaomba zipunguzwe kiunoni. Akakaa kwenye benchi. Akakitazama kitabu bila kukigusa.

"Unasoma hivi?"

"Nasoma."

"Mpelelezi wake yuko peke yake?"

"Yuko peke yake."

"Hana bosi? Hana jalada la kesi la kujaza?"

"Hana."

"Basi huyo si askari," akasema. "Huyo ni raia mwenye bastola."

Suruali zile zilikuwa kazi ya saa moja. Nilimwambia arudi baada ya wiki. Aliporudi nilimwambia moja bado. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa, kanisani kwetu Mamba, na mama akamtazama bwana harusi kwa makini kama alivyolitazama lile jalada, ila safari hii hakusema kitu.

Nilikuja kujua kwamba upelelezi ni kazi ya kuandika na kusubiri. Mume wangu anaandika maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya mashahidi, maelezo ya mtuhumiwa, anachora ramani ya eneo la tukio, halafu anasubiri gari, anasubiri daktari, anasubiri mahakama. Ni Mnyamwezi, mtu mpole, na kazi yake haileti nyumbani. Nikimuuliza, "Leo kulikuwa na nini?" ananijibu, "Kulikuwa na joto."

Kwa kuwa alikuwa anasubiri sana, nikaanza kumwekea kitabu kwenye begi kila akisafiri. Nilikiweka chini ya shuka, pembeni ya mswaki. Kila safari alikirudisha kama kilivyokwenda. Sikukasirika, na sikuacha. Nilikuwa nakiweka kama wanawake wengine wanavyowawekea waume zao karanga.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika kweli, alitumwa Sibwesa, huko wilaya ya Tanganyika. Aliondoka Jumatatu asubuhi yeye na dereva, akasema Jumanne jioni atakuwa nyumbani. Nilikuwa nimemwekea riwaya niliyoipenda kuliko zote mwaka ule. Ilikuwa na mpelelezi wa kike. Tajiri mwenye hoteli ameuawa, na kijana mmoja fundi umeme amejitokeza na kusema yeye ndiye muuaji. Mpelelezi anamwangalia yule fundi na hamwamini. Anaanza kumtafutia ushahidi wa kumtoa hatiani, na humo humo kwenye kutafuta anampenda.

Jumanne ikapita. Jumatano simu yake haikupatikana. Ndipo nikagundua ubaya wa kusoma nilichosoma maisha yangu yote: nilikuwa najua njia kama hamsini ambazo askari anaweza kufa. Nilizipitia moja moja nikiwa nashona gauni la harusi la watu, na nikagundua nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto. Alhamisi nilifunga cherehani, nikaenda kituoni. Askari wa zamu, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tunafahamiana, alinipa kiti.

"Mto umejaa," akasema. "Wako ng'ambo, hawawezi kuvuka. Jana mwenye bodaboda mmoja alivuka kwa mtumbwi akatuletea habari. Wazima."

"Mume wangu ameniletea ujumbe wowote?"

Akafikiri. "Alisema nikuulize kama kile kitabu umeshakimaliza, na kama umekimaliza usimwambie mwisho."

Nilidhani ananitania ili nitulie. Nikamshukuru, nikaondoka.

Alirudi Ijumaa mchana. Matope yalikuwa yamemfika mapajani na ndevu zimemwota. Alioga, akala sahani mbili za wali, kisha akafungua begi na kunipa kitabu changu. Kilikuwa kimevimba kwa unyevu mpaka hakifungi. Ukurasa mmoja ulikuwa na alama ya kidole cha mafuta ya dagaa. Karibu na mwisho kona ilikunjwa.

"Hatukumaliza," akasema. "Zimebaki sura mbili."

"Nyie nani?"

"Mimi, dereva, na mtuhumiwa."

Siku ile alinieleza nusu. Nusu nyingine alinieleza mambo yalipokwisha kabisa, na ninayasimulia kwa sababu wahusika wenyewe wameshayasimulia kwa yeyote anayetaka kuyasikia.

Walikuwa wamekwenda kwa habari ya paneli ya sola na betri yake. Wanaume wawili, ndugu, walilalamika kwamba vimeibwa kwenye nyumba ya marehemu kaka yao. Paneli ilikutwa nyumbani kwa mkulima mmoja wa kijiji kile kile, mtu wa makamo, mrefu, mwenye kusalimia kwa heshima. Mume wangu alipomuuliza, yule mkulima alisema, "Ni mimi," akatoa mikono yake mbele ifungwe pingu. Aliulizwa aliingiaje. Akasema aliingia. Siku gani? Siku hiyo hiyo. Kwa nini? Akanyamaza. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja na nusu, na akatia sahihi.

Wakageuza gari, wakakuta mto umefunika daraja. Wakarudi kijiji cha jirani, wakapewa hifadhi kwenye ghala la mahindi la kijiji. Watu wa pale waliwaletea ugali na dagaa, na mtuhumiwa akala kutoka sahani ile ile na askari, maana sahani ilikuwa moja. Siku ya kwanza walitazama mvua. Siku ya pili mume wangu alitafuta mswaki kwenye begi, mkono ukashika kitabu.

Akaanza kusoma kimyakimya, ameegemea mlango. Baada ya kurasa chache dereva akasema, "Afande, soma kwa sauti na sisi tusikie."

Basi akasoma kwa sauti. Dereva aliniambia baadaye kwamba alisoma kama anavyosoma mashtaka mahakamani, hana nukta wala mkato, muuaji na mpenzi wote kwa sauti moja. Lakini walisikiliza. Mvua ikipiga sana juu ya bati alinyamaza, ikipungua aliendelea. Dereva alikuwa na hakika muuaji ni mke wa tajiri. Mtuhumiwa, aliyekuwa amekaa juu ya gunia na pingu zake, alisema hapana, mke analia vizuri mno, mwenye hatia halii vizuri hivyo.

Wakafika mahali ambapo fundi umeme anakiri. Kwenye kitabu anakiri kurasa mbili nzima. Anaeleza ngazi alizopanda, mlango aliofungua, marehemu alivyogeuka na kumtazama. Mume wangu akasoma yote. Mtuhumiwa akatikisa kichwa.

"Hapo mwandishi kadanganya," akasema.

"Kadanganya nini?" dereva akauliza.

"Si mnasema huyu kijana hajaua, anambebea mtu kosa? Mtu anayebeba kosa la mwenzake haongei namna hiyo. Anaogopa kuongea. Akisema mengi atakosea, watajua. Anasema 'ni mimi' basi, anakaa kimya."

Mume wangu aliniambia kwamba aliendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa ule, lakini macho yalikuwa yanatembea tu juu ya maneno. Kwenye begi, ndani ya mfuko wa nailoni, alikuwa na karatasi yenye mstari mmoja na nusu. Akafunga kitabu, akasema koo limekauka.

Hakumuuliza siku ile. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu akishatamka jambo kama lile bila kujua amelitamka, ukimrukia atalirudisha ndani na hutaliona tena. Alisubiri. Siku ya tatu akaendelea kusoma, wakafika pale mpelelezi anapogundua kwamba fundi umeme ana dada anayefanya kazi ya usafi kwenye ile hoteli. Akaacha kusoma, akamwangalia mtuhumiwa.

"Na wewe una dada?"

Yule mkulima alitazama pingu zake. "Ninaye mdogo wangu," akasema. "Wa kike."

"Ameolewa?"

"Aliolewa. Mume kafariki mwaka jana."

Dereva naye sasa alikuwa ameelewa, akainama kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

"Afande," yule mkulima akasema, "endelea kusoma."

Akaendelea kusoma.

Maji yalipopungua Ijumaa alfajiri, dereva aliwasha gari kuelekea mtoni. Mume wangu akamwambia ageuze. Walirudi Sibwesa, mpaka nyumba ya yule mjane, na kabla hata hawajapiga hodi mwanamke alikuwa ameshatoka nje. Alimwona kaka yake nyuma ya gari.

"Nilijua atasema ni yeye," akamwambia mume wangu. "Tangu tuko wadogo ndivyo alivyo. Nilivichukua mimi."

Akaeleza akiwa amesimama hapo hapo uani. Paneli na betri walinunua yeye na marehemu mume wake, baada ya kuuza tumbaku. Matanga yalipokwisha, shemeji zake walikuja wakaving'oa juu ya bati, wakasema ni mali ya kaka yao, wakavipeleka kwenye nyumba nyingine ya marehemu waliyoifunga kwa kufuli. Yeye alisubiri. Jumapili moja, watu wote wakiwa kwenye ibada, alifungua kwa ufunguo aliokuwa nao siku zote, akavipakia kwenye baiskeli mchana kweupe na kuvipeleka kwa kaka yake. Hakumwambia amevitoa wapi. Kaka naye hakuuliza, ila alipoona gari la polisi alijua. Kisha yule mama akaingia ndani, akatoka na kadi ya dhamana ya betri iliyofungwa kwenye kitambaa. Jina lililoandikwa pale lilikuwa lake.

Wote wawili walikuja Mpanda na gari lile, wakatoa maelezo yao, safari hii marefu. Mume wangu aliandika kurasa kumi na moja kwa mkono. Baada ya vikao viwili vya ukoo kwenye ofisi ya kijiji, shemeji wale walikubali wamekosea na kufuta malalamiko yao. Paneli ikarudi juu ya bati la mjane. Hakuna aliyefungwa, na kwa kweli hakuna hata aliyegombezwa sana.

Lakini yule mkulima, alipoagana na mume wangu kituoni, alikuwa na ombi moja. Alitaka kujua fundi umeme alitokaje. Mume wangu akamwambia wala yeye hajui. Wakakubaliana kwamba watamaliza pamoja, siku mkulima atakapokuja mjini.

Nataka niseme wazi kwamba majuma yale matano yalikuwa magumu kwangu. Mwisho niliujua. Mume wangu alikuwa anakipita kitabu juu ya meza bila kukigusa, kama mtu anayefunga anavyopita jikoni. Wakati wa kula ananitupia maneno ya kunichimba: "Huyo meneja wa hoteli mbona anasafiri sana?" Nami namjibu, "Kula, chakula kinapoa." Nilikuwa nahojiwa nyumbani kwangu na mpelelezi wa kweli, na sikutoa neno. Hilo najivunia.

Walikuja mwezi wa nne, kaka na dada, siku ya Jumamosi. Walinikuta kibarazani kwenye cherehani. Walileta chupa ya asali na mchele wa kilo kadhaa ndani ya ndoo. Yule mama alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko nilivyotarajia.

"Shemeji," kaka akaniambia, "tumekuja kusikiliza."

Nikatuma ujumbe kituoni. Mume wangu akaja kwa miguu, akavua kofia, akaketi kwenye benchi lile lile alilokaa siku ya suruali. Mzee mwenye duka alisogeza kiti chake mlangoni, akasema yeye hasikilizi, anapunga upepo. Nikamletea mume wangu kitabu. Akasoma, bila nukta wala mkato.

Kwenye sura ya kwanza kati ya zile mbili ilijulikana kwamba meneja ndiye aliyemuua tajiri. Fundi umeme hakuua. Dada yake naye hakuua. Fundi alimwona dada akitoka chumba cha marehemu amefadhaika, akadhani ni yeye, akajitoa. Dada alisikia kaka amekiri, akadhani kweli amefanya, akaficha nguo za kaka zisije zikawa ushahidi. Mume wangu alipofika hapo aliinua macho.

"Kwa hiyo kila mmoja alidhani ni mwenzake," yule mama akasema.

"Ndiyo."

"Na hawakuulizana."

"Hawakuulizana," nikasema.

Akamgeukia kaka yake. "Na wewe ulitakiwa uniulize."

"Ningekuuliza ungesema ukweli," kaka akajibu. "Halafu ningefanyaje?"

Yule mama alimtazama, kisha akamshika mkono, akaushikilia. Mume wangu akaendelea.

Sura ya mwisho ni ya mapenzi tupu. Fundi anaachiwa, anasimama stendi na mfuko wake, hajui aende wapi, na mpelelezi anamfuata akiwa hana sare. Mume wangu, ambaye ameshasoma ripoti za vifo bila kupepesa macho, alifika mistari mitatu kabla ya wale wawili kukumbatiana, akasimama, akanipa kitabu.

"Hapa soma wewe."

Nikasoma mimi, na niliweka nukta zote na mikato yote mahali pake. Mzee mwenye duka alisahau kupunga upepo. Nilipomaliza, yule mkulima alishusha pumzi, akasema ni sawa, ila yule dada alistahili sura yake mwenyewe. Kisha tukala wali wao na kuku wetu, na mama yule aliondoka na riwaya nyingine ndani ya ndoo ya mchele.

Imepita miaka sasa. Vitabu vyangu vinakwenda Sibwesa na watu wanaokuja hospitali au sokoni, vinakaa mwezi, miwili, vinarudi. Siku hizi nasoma pia hadithi zinazokuja vipande vipande kwenye simu, lakini za karatasi naziweka kwa ajili ya huko, na kwa ajili ya mume wangu, ambaye sasa ananitangulia kuzisoma na nimemkataza kufungua mdomo kabla sijamaliza. Kaka na dada wana tabia ya kuandika pembeni kwa penseli. Dada anaandika machache: "Huyu anadanganya," au "Amwache." Kaka anaandika marefu.

Wiki iliyopita kimoja kimerudi. Ni riwaya ambayo mwisho wake mpelelezi anachoka na bastola, anaacha kazi, anamchukua mpenzi wake wanakwenda kijijini kulima na kuishi kwa amani. Chini ya mstari wa mwisho kaka ameandika: "Aje huku kwanza mwezi wa kwanza tupalilie naye." Nilimpa mume wangu asome. Yeye amebakiza miaka michache kustaafu, na ana mpango huo huo. Aliyasoma maandishi yale mara mbili, hakucheka, akaniuliza kama penseli inafutika.

Nikamwambia inafutika, nikakirudisha kitabu kabatini kama kilivyo.